Hodhi Limekwama Mlangoni

"Hori la ng'ombe lina faida, Baba Glory. Ng'ombe wanakunywa. Hili lako lina faida gani?"

"Usiliite hori."

"Niliite nini?"

"Hodhi. Hodhi la kuogea. Mtaa huu mzima hakuna nyumba nyingine yenye hodhi."

"Na mtaa huu mzima hakuna mama mwingine anayebebwa kama gunia la korosho ili akaoge. Tumeongoza kwa yote mawili."

Elizabeti na mumewe Anold walikuwa wamejifungia bafuni, wakigombana kwa kunong'ona. Elizabeti ameketi juu ya mfuniko wa choo, Anold amesimama mbele ya hodhi kama mlinzi wa benki. Walinong'ona kwa sababu mama yake Elizabeti, Bibi Raheli, aliyekuja kwao kuuguza nyonga, alikuwa amelala chumba cha pili, na bafu ndilo lililokuwa na mlango unaofungika vizuri. Walichosahau ni kwamba vigae hupaza sauti. Bibi Raheli alisikia kila neno, pamoja na lile la gunia la korosho.

Lilikuwa hodhi la chuma, zito, lililokuwa jeupe zamani na sasa lina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Lilikuwa limepandishwa juu ya kizimba cha saruji, hivyo ukingo wake ulimpita mtu mzima goti. Anold aliipenda nyumba hii ya mtaa wa Rahaleo, Mtwara, kwa sababu ya hodhi hilo. Bandarini, alikofanya kazi ya ghala, alilitaja mara nyingi mpaka wenzake wakampa jina la Bwana Hodhi, naye akadhani wanamsifu.

Tangu wahamie, hakuna mtu aliyewahi kulala ndani yake. Maji ya bomba yanatoka kwa zamu. Nani atajaza chombo kama kile ili mtu mmoja anyooshe miguu? Waliingia, wakasimama na ndoo na kopo kama watu wote wa Mtwara, wakajimwagia, wakatoka. Walioonja raha ya kulala humo ni kuku wa Krismasi na nguru mmoja mkubwa aliyeletwa zawadi kutoka Msimbati. Tundu la kutolea maji nalo lilikuwa vivu. Aliyeoga wa mwisho alisimama ndani ya maji ya waliomtangulia.

"Mama hawezi kuvuka ukingo huu," alisema Elizabeti. "Jana alikaa juu yake mguu mmoja ndani, mmoja nje, haendi mbele wala harudi nyuma, kama amepanda pikipiki iliyoishiwa mafuta. Nikamshika kiuno, tukakaribia kuanguka wote wawili. Unajua ameniambia nini leo? Anaondoka Jumatatu."

"Kwenda wapi?"

"Maswa. Kwa basi. Na nyonga ile."

"Lakini daktari alisema asisafiri..."

"Daktari haogeshwi na binti yake. Mama anasema afadhali akaogee uani kwake juu ya jiwe, peke yake. Kama ni kufa atakufa msafi."

Mkwe mwingine angekwenda kumbembeleza mzee. Anold hakuweza. Yeye na mkewe wote ni Wasukuma wa Maswa, na katika koo zao mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawasemeshani uso kwa uso. Anold akiingia sebuleni, Bibi Raheli anahamia chumbani. Bibi Raheli akitaka kutoka, Anold anakohoa, anageukia ukuta. Salamu zao zilipitia kwa Elizabeti, na binti yao Glory akiwa likizo, zilipitia kwa Glory. Heshima ilikuwa kubwa sana ndani ya nyumba ile, na korido ilikuwa nyembamba.

"Sikatai," alisema Anold, ambaye alikuwa anakataa. "Lakini ukitoa hodhi, lazima uhamishe na bomba la maji machafu. Bomba linatokea kwa Hadija. Migomba yake inaishi kwa maji yetu. Utamwambia nini jirani?"

"Migomba."

"Ujirani, Mama Glory. Mimi nimeishi na watu vizuri."

Elizabeti akainuka, akafungua mlango, akavaa kandambili za mumewe, akatoka kwenda kwa Hadija hata bila kufunga kilemba.

* * *

Hadija alikuwa uani kwake anamenya mihogo.

"Karibu, Mama Glory. Mbona kichwa wazi? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kwa habari ya migomba yako."

"Imefanya nini tena?"

"Mume wangu anasema tukihamisha maji yetu, migomba yako itakufa, na ujirani utakufa nayo."

Hadija akaweka kisu chini ili acheke vizuri. "Migomba ipi, ile? Jirani, ile migomba inanuka sabuni. Tangu mwaka juzi haijatoa mkungu. Inatoa majani na vyura. Vyura wale wakianza kulia utadhani wamefiwa."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Kila mumeo akipita hapa anasimama, anaitazama, anasema, 'Naona inastawi, shemeji.' Anafurahi kweli. Utamwambia nini mtu anayefurahia maji yake ya kuogea?"

"Kwa hiyo tuhamishe?"

"Hamisheni hata leo. Ningekuja kusukuma mwenyewe, ila Jumamosi naenda Msimbati, mtoto wa dada yangu anatoka unyagoni. Mama anaendeleaje?"

"Anataka kuondoka."

Hadija akaacha kucheka. "Na nyonga ile? Basi Mama Glory, simama imara. Mwanamume akipenda kitu kisicho na faida, hakitoki kwa maneno matamu."

Anold alikuwa anangoja mlangoni. "Amekasirika?"

"Sana," alisema Elizabeti. "Anauliza tulikuwa wapi siku zote."

Pesa zilikuwepo: zile za televisheni mpya. Anold alizitazama zikibadilika kuwa mabomba, saruji na vigae visivyoteleza. Alipigania jambo moja tu, akalipata. Hodhi litoke zima, likae mbele ya nyumba, apande maua ndani yake, wapita njia walione.

* * *

Fundi bomba aliitwa Sudi, mtu wa Ufukoni, mchangamfu, mwenye kazi tatu kwa wakati mmoja na simu iliyolia muda wote. Alipima kwa rula, akapima kwa kidole, akatangaza.

"Bosi, tundu hili la zamani liko juu kwa sababu hodhi liko juu. Tukivunja kizimba, mama ataogea sakafuni, na maji hayapandi ngazi. Kwa hiyo hili tunaziba. Tunatoboa jipya usawa wa sakafu, ukuta wa nyuma, kwenye chemba ya maji machafu. Mteremko mzuri, maji yanakimbia yenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Kutoa hodhi? Nusu saa haifiki."

Jumamosi asubuhi Elizabeti aliitwa shuleni kusimamia mtihani wa majaribio. Alifundisha hesabu, na mwalimu wa zamu alikuwa anaumwa. Akamwachia mama yake chai, uji na kiazi, kisha akamgeukia mumewe. "Choo kiko humo humo, Baba Glory. Mkianza, malizeni. Mama asije akakwama."

"Nusu saa haifiki," alisema Anold, kama fundi.

Sudi alivunja kizimba, akakata bomba la zamani, akaziba tundu kwa saruji. Wakaliinamisha hodhi ubavu, Sudi akivuta kutoka koridoni, Anold akisukuma kutoka ndani. Likaingia mlangoni vizuri mpaka nusu. Hapo likasema krr, likatulia. Wakavuta, wakasukuma, wakalitukana, wakalibembeleza. Halikwenda mbele wala halikurudi. Juu ilibaki nafasi ya kupitisha paka, na chini ya kupitisha mkono.

"Ahaa," alisema Sudi kutoka upande wa pili, akiwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. "Aliyejenga aliweka hodhi kwanza, mlango ukaja baadaye. Halijawahi kupita hapa, bosi."

"Sasa?"

"Njia ni mbili. Chuma hiki cha zamani hakipindi, kinapasuka. Ukikipiga nyundo kwa nguvu, umemaliza."

"Usiliguse!"

"Basi nikachukue grenda, nikate fremu ya mlango. Hodhi linabaki zima, unapanda maua yako."

"Unarudi lini?"

"Sasa hivi."

Miguu yake ikasikika ikitoka, pikipiki ikawaka, ikaenda. Anold akabaki bafuni na nyundo kubwa, tindo na vifusi. Simu yake ilikuwa sebuleni inachajiwa. Dirisha lilikuwa dogo, juu, lenye nondo. Hata hivyo hakujiona amefungwa. Alijiona anasubiri. Akageuza ndoo, akaketi, akaanza kufikiria maua.

* * *

Bibi Raheli alikuwa amekunywa chai yote na uji wote. Nyundo zilipoanza, alikuwa anajiandaa kwenda chooni. Akaona aibu kupita mbele ya wanaume, akangoja. Sasa kelele zimekwisha, pikipiki imeondoka, akaamini wameondoka wote. Akashika gongo lake, akaburuta mguu hadi koridoni, na kukuta tumbo la chuma limeziba mlango wa choo.

"Hee," alisema.

Kutoka ndani, mtu akakohoa.

Alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa kikohozi cha mkwe. Papo hapo akageukia ukuta wa korido, na Anold, kule ndani, akageukia ukuta wa bafu, ingawa kati yao lilikuwepo hodhi ambalo risasi isingepenya.

Wakakaa hivyo. Bibi Raheli alifikiria kurudi chumbani, lakini tumbo lake lilimwambia waziwazi kwamba halitarudi naye. Akamtafuta mtu wa kumtuma. Elizabeti yuko shuleni, Glory yuko bwenini Masasi, hata yule jirani mcheshi hayupo. Akatazama huku na huku, kisha akaligonga hodhi kwa gongo.

"Wewe hori."

Gongo likagonga mara ya pili.

"Hori, nakusemesha wewe. Mwambie huyo aliye nyuma yako kwamba mama wa mkewe anataka kuingia."

Anold alichukua muda kuelewa, kisha akaona hakuna kosa. Hodhi si mtu, lakini lilikuwepo katikati, na kazi ya mtu wa katikati ndiyo hiyo.

"Hodhi," alisema, akiutazama ukuta, "mwambie mama limekwama. Fundi ameenda kuchukua grenda."

"Hori, muulize anarudi lini."

"Hodhi, mwambie sasa hivi."

"Hori, muulize ni sasa hivi ya watu au sasa hivi ya fundi."

Gongo likagonga tena.

"Amesema nini, hori?"

"Hodhi, mwambie mama avumilie kidogo."

"Hori, mwambie nimevumilia tangu nyundo ya kwanza. Mimi ni mzee. Nilichobeba hakina subira."

Jasho lilimtoka Anold. Alisukuma hodhi kwa bega, akasukuma kwa mgongo, akalalia vifusi akalisukuma kwa miguu yote miwili. Lilikaa pale pale, limetulia kama mkurugenzi.

"Hori," alisema Bibi Raheli, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, "madhali wewe husengenyi, mwambie na hili. Mwambie nilisikia ugomvi wao. Sikuja hapa kuvunja nyumba ya mtu, nilikuja kupona. Mwambie tangu nipate akili nimejiogesha mwenyewe. Sasa mtoto niliyemwogesha mimi ananiinua, ananishika, ananiona nilivyokunjamana, kila siku, na mimi namwambia ahsante. Ananipenda, najua. Lakini kila nikitoka humo nimepungua kidogo. Ndiyo maana naondoka Jumatatu. Mwambie mkwe sina kinyongo naye."

Akaegemea gongo.

"Na mwambie hivi. Nikijilowesha hapa, kwenye korido ya mkwe wangu, sitangoja Jumatatu. Naondoka leo, na uso huu hamtauona tena."

Anold akalitazama hodhi. Lilikuwa limemgeuzia upande wa ndani, ule aliokuwa anausugua kila Jumamosi kwa mikono yake. Akafikiria maua. Akafikiria wapita njia. Kisha akasikia gongo likitetemeka juu ya sakafu ya korido, tk tk tk tk, kama mtu anayebadilisha mguu upesi upesi.

Akashika nyundo.

"Hodhi," alisema, "mwambie mama arudi nyuma. Afike sebuleni. Azibe masikio na macho."

"Hori, muulize anataka kufanya nini!"

"Hodhi," alisema Anold, "nisamehe."

Lililia kama kengele ya kanisa siku ya Pasaka. Maganda meupe yakaruka, mbwa wa mtaa wakaitika. Akapiga tena, na tena, kwa hasira ambayo hakujua alikuwa nayo, mpaka ufa ukatokea ukingoni, ukashuka, ukatawanyika. Hodhi lililomshinda fundi likaachia fremu na kuanguka koridoni vipande vipande.

Anold alivisukuma kando kwa miguu pamoja na vifusi, akajifunika taulo kichwani, akatoka kinyumenyume na nyundo na tindo mikononi. Bibi Raheli akapita ameukodolea macho ukuta. Migongo yao ilipishana kwa nafasi ya kiganja. Mlango ukafungwa kwa kishindo ambacho mtu mwenye nyonga mbovu hakutarajiwa kuwa nacho.

* * *

Anold alikuwa ameketi sebuleni, taulo bado kichwani, aliposikia sauti kutoka bafuni. Haikumsemesha mtu yeyote. Iliisemesha nyumba.

"Kama kuna anayesikia, asikie. Huku kumekuwa peupe. Hakuna cha kuvuka. Kukipatikana maji ya moto, mimi naoga."

Anold akakimbilia jikoni. Maji yakabandikwa, yakachemka, yakachanganywa. Akaweka ndoo mlangoni, na kopo, na kigoda, na sabuni mpya iliyokuwa imefichwa kwa ajili ya wageni. Akakohoa, akakimbia. Gongo likatoka, likavuta vitu ndani kimoja kimoja.

Kisha kopo la kwanza likamwagwa. La pili. Halafu Bibi Raheli akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kisukuma. Katika miaka yote ya ukwe, Anold hakuwahi kumsikia akiimba. Alikuwa na sauti nene, na hakubania.

Alifurahi mpaka alipoona maji yanapita chini ya mlango. Tundu la zamani limezibwa na jipya halijatobolewa. Sudi, alipopigiwa, alisema yuko njiani, huku nyuma yake watu wakipakua zege na kumwita. Anold akatandika taulo mlangoni, akaongeza shuka, akaongeza gunia, akaongeza jezi ya timu yake. Maji yakazunguka kote, yakaendelea na safari.

Elizabeti aliingia akakanyaga maji, kisha akakanyaga kipande cha hodhi.

"Umelivunja?"

"Limevunjika."

"Mama yuko wapi?"

"Anaoga."

"Na nani?"

"Na nani tena? Peke yake."

Elizabeti akasimama na mkoba wake begani, akasikiliza. Hakuwa mtu wa machozi, hata misibani alikuwa yule anayehesabu sahani. Sasa akainama ghafla kutafuta tambara la kupigia deki, akalitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu lilikuwa mbele yake.

"Maji yanafika kwenye kochi," alisema alipoinuka.

"Sudi yuko njiani."

"Njia ipi, ya Masasi? Alisema bomba jipya litokee wapi?"

"Ukuta wa nyuma, usawa wa sakafu. Kwenye chemba."

"Na nyundo iko kwa nani?"

Anold akaiona imeegemea ukutani, pamoja na tindo. Akavichukua vyote viwili, akatoka peku, akazunguka nyuma ya nyumba. Akapiga magoti mahali msingi unapoishia na tofali la kwanza linapoanza, juu kidogo ya chemba, akaweka tindo, akagonga.

Ndani, wimbo ukakatika.

"Nani huyo?"

Anold akatafuta wa kumjibia. Hodhi limelala vipande koridoni, Elizabeti anapambana na maji sebuleni. Palikuwa na ukuta tu, na yeye.

"Ni mimi, mama."

Kopo likawekwa sakafuni.

"Mkwe?"

"Ndiyo, mama. Natoboa njia ya maji."

Kopo likamwagwa polepole, kopo la mtu anayefikiri.

"Toboa," alisema Bibi Raheli. "Chini kabisa, mkwe. Na utazame barabarani."

Anold akageuza shingo, akakaza macho barabarani, akainua nyundo, akaendelea kugonga kwa kukisia, akijigonga kidole mara kwa mara bila kulalamika, mpaka tofali likaachia na maji ya uvuguvugu yenye povu yakamjia magotini.